Panya wa Launji ya Kilimatembo

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri ndege ya Muskati alipandisha miguu yote juu ya kochi, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwenye kaunta za mizigo. Chini ya meza, kati ya viatu alivyokuwa amevivua, alikaa panya mwenye ukubwa wa paka mchanga. Panya hakukimbia. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, alinieleza baadaye ofisini kwangu akiwa na juisi ya bure mkononi. Panya alimnusa vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine, kisha akaondoka taratibu kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Meneja wa uwanja, Ombeni Kaaya, aliingia kabla juisi haijaisha. Alimwomba bibi radhi, akamwahidi kiti kizuri zaidi ndani ya ndege, akamsindikiza mpaka nje. Kisha akafunga mlango na kunigeukia.

"Dokta Bupe, wakaguzi wanakuja. Bi. Mwanakombo mwenyewe anakuja. Nataka usimame mbele yao useme kitu kimoja tu, kwamba panya wa launji hawana madhara kwa afya. Ni kero ya macho, basi."

"Hawana madhara kwa nani?"

"Usianze, dokta."

"Nauliza kweli. Kwa abiria anayekaa kidogo, akanywa kahawa na kuondoka, hatari ni ndogo sana. Panya kupita kwenye zulia hakumuui mtu. Lakini mkojo wake ukiingia kwenye maji ya kuoshea vyombo, au kinyesi kikikauka kikafagiliwa kuwa vumbi, hapo mambo ni mengine. Jikoni kuna watu wanaoshinda na maji hayo, tena mikono mitupu."

"Ndiyo au hapana?"

"Sijamkamata hata mmoja. Nikujibu kwa kubahatisha?"

Alijifuta uso. Ombeni si mtu mbaya, na ninasema hivyo nikiwa bado nimemkasirikia. "Ukisema ndiyo, uwanja unafungwa," alisema. "Ukisema hapana, tunatega kimyakimya, tunawamaliza, maisha yanaendelea. Wewe ni daktari wa uwanja huu. Siyo wa dunia nzima."

Alipotoka, alipita mbele ya Lango, nami nikaona kupitia kioo jinsi alivyoligusa kwa kiganja, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake. Sikumcheka. Tangu homa ya kijivu ipite na kutuzolea watu, hakuna anayepanda ndege Kilimatembo bila kupita humo. Unaingia kwenye kibanda cha kioo, unapuliza, mashine inaipekua pumzi yako, na bangili uliyovishwa inawaka. Ikiwa ya kijani, unapita. Ikiwa nyekundu, milango inajifunga na gari la Kambi, wanakotengwa wagonjwa, linaitwa. Waliorudi kutoka Kambini ni wachache, na hawapendi kuulizwa habari za huko. Sisi wafanyakazi tunapulizishwa kila asubuhi. Mimi bangili yangu ikiwaka kijani hujisikia kama mtoto aliyefaulu mtihani, japo ni daktari na nina umri wa kutosha kuacha mambo hayo.

*

Nilitega nyuma ya friji za launji, chambo kikiwa sambusa ya nyama. Siku iliyofuata nilimkuta jike la panya buku ndani ya wavu, mtulivu, akijisafisha ndevu. Nilipomwangalia vizuri nikakaa chini. Kwenye sikio la kushoto alikuwa na kipini cha bluu.

Kipini hicho nilikifahamu. Kabla ya Lango, kazi ya kukagua abiria ilifanywa na panya. Kilimatembo ilikuwa na kitengo kizima. Abiria walisimama mstari, na panya akapitishwa miguuni mwao akiwa amefungwa kamba ya kifuani. Watu wengi hudhani walikuwa wakinusa kirusi. Hapana. Walinusa mwili wenyewe unavyochacha kwa ndani unapoanza kupigana, siku kadhaa kabla mgonjwa hajajijua. Panya akikuta harufu hiyo husimama na kukwangua sakafu kwa kucha za mbele. Akipatia, analipwa kipande cha ndizi papo hapo, mbele ya kila mtu. Kwa hilo wakufunzi walikuwa wakali kuliko mapadri, kwa sababu panya akipatia asilipwe huvunjika moyo, na kesho yake hukupitisha mgonjwa bila kujali. Lango lilipofika, ilitoka amri panya wote wauawe. Wakufunzi wakaapa kwamba wamewaua.

Mkufunzi aliyebaki uwanjani alikuwa mmoja, Fidelis Lubeleje, Mgogo mrefu mwenye mabega yaliyoinama, ambaye walimhamishia jikoni kwenye launji hiyohiyo. Nilimwita, nikafunua kitambaa kilichofunika mtego.

"Nyemo," alisema kabla hajanisalimia. Panya akaja mbio, akapenyeza pua kwenye wavu na kumnusa kidole.

"Nyemo ndiye nani?"

"Binti yangu, dokta."

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Wakati ule hatukupewa maiti," alisema. "Unakumbuka. Walichomwa hukohuko Kambini, hata majivu hatukuonyeshwa. Hapa kitengoni mtu mmoja akampa panya wake jina la mama yake, Josefa. Tukaona ni jambo jema. Basi kila mkufunzi akampa panya wake jina la mtu wake. Asubuhi unafungua kizimba, unamwita mwanao kwa jina, anakuja. Halafu siku moja wanakuletea sindano wanakwambia muue." Alinitazama. "Wewe ungemchoma?"

"Kwa hiyo mkawaleta kwenye launji."

"Tuliwapandisha darini kwa usiri. Kuna joto, kuna makombo. Ni wasafi, dokta. Wamelelewa kwa mikono yetu wale."

Hapo hasira zilinipanda. "Wasafi? Fidelis, dari ile imepitiwa na bomba la maji taka. Panya wa mtaroni wamejaa mle. Ulidhani wako watakaa kando kwa sababu wana majina?"

Nilimtoa Nyemo damu, nikaipima. Alikuwa na mgunda. Homa ya mgunda si kitu kipya, wakulima wa mpunga wanaijua. Vijidudu vinaishi kwenye figo za panya bila kumsumbua, vinatoka na mkojo, vinangoja kwenye majimaji mpaka wapate mkono wenye mchubuko. Nikamuuliza Fidelis kama kuna mtu jikoni amekuwa mgonjwa.

"Sabina tu," alisema. "Yule wa masinki. Yuko zahanati, wanasema malaria."

Tulikwenda pamoja. Sabina alikuwa msichana mcheshi aliyekuwa akinitania kwamba natembea kama askari. Tulimkuta amelala ubavu, macho yake yana manjano ya kiini cha yai, na muuguzi akatuambia tangu jana hajapata haja ndogo. Figo zilikuwa zimekwisha. Fidelis alisimama miguuni pa kitanda akiwa ameshika kofia yake ya jikoni.

"Shikamoo, baba Nyemo," Sabina alimwambia kwa sauti ya kukwaruza. Alizoea kumwita hivyo.

Fidelis aligeuka akatoka. Nje alisema neno moja tu, "Basi ni mimi," na sikumbishia kwa sababu ilikuwa kweli.

*

Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua. Ningesimama mbele ya Bi. Mwanakombo niseme ndiyo, ni hatari, wapuliziaji dawa waingie, uwanja ufungwe mpaka dari ing'olewe. Nilimwambia Fidelis hivyo, naye akakubali. Aliniomba tu Nyemo asiuawe kwa dawa ya kupuliza, nimchome sindano mimi mwenyewe, na nikamwahidi. Nikamwacha Nyemo kwenye kizimba ofisini kwangu.

Mchana mmoja mimi na Fidelis tulikuwa launji tukiziba matundu. Abiria walikuwa wachache. Panya mwingine alitokea nyuma ya mashine ya kahawa, mzee, manyoya yamepukutika mgongoni.

"Josefa," Fidelis alinong'ona.

Josefa alipita kwenye viatu vya wasafiri kama anayekagua gwaride. Alifika kwa bwana mmoja aliyekuwa akienda Lusaka, mtu wa vipuri vya magari, amejisahau kwenye simu. Josefa akanusa soksi zake. Akasimama. Akaanza kukwangua zulia kwa miguu yote miwili ya mbele, kwa nguvu, akigeuza kichwa kututazama.

Mwiko wa kuzibia matundu ulimponyoka Fidelis mkononi. "Amekamata."

"Amezeeka. Mtazame bangili yule bwana."

Ilikuwa ya kijani, inang'aa vizuri kabisa. Hata hivyo nilimwita ofisini kwa kisingizio cha cheti cha chanjo. Nilimkagua koo, nikampapasa tezi za shingoni, nikamgeuza mdomo wa chini kwa kidole changu. Sikuvaa glavu wala barakoa. Kwa nini nivae? Alikuwa ametoka Langoni muda mfupi uliopita. Ndani ya mdomo, chini kabisa kwenye fizi, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu.

Kwenye friji yangu kulikuwa na kipimo kimoja cha damu cha zama zile. Havitengenezwi tena tangu Lango lije. Nilikitumia, na kikasema yule bwana ana homa ya kijivu.

Ombeni alikuja, akasikiliza, akachukua kile kipimo na kukigeuza. "Muda wake wa matumizi umepita," alisema.

"Mstari wa kijivu kwenye fizi nao muda wake umepita?"

"Nimewapigia wenye Lango. Wanasema mashine ni nzima."

"Mashine ni nzima, ndiyo. Ilifundishwa pumzi za wagonjwa wa wakati ule. Ugonjwa umebadilika, Ombeni. Lango linatafuta sura ya zamani. Panya hawatafuti sura, wanatafuta mwili unaoumwa."

Alikirudisha kipimo mezani. Kisha akaita gari la Kambi, lije mlango wa nyuma, bila king'ora. Yule bwana aliendelea kuwaonyesha wabebaji bangili yake ya kijani mpaka walipofunga mlango wa gari.

"Mbele ya wakaguzi utazungumzia panya," Ombeni aliniambia. "Panya tu. Sasa hivi hata ukisema ndiyo, sawa. Sema ndiyo, tuwaue, tufunge siku chache, tufungue. Habari ya Lango niachie mimi."

Nilielewa vizuri sana. Panya wakifa, hakuna wa kulisuta Lango.

Nilifika nyumbani jioni, binti yangu Tupoki akanirukia kama kawaida yake, nikambeba mpaka jikoni akinieleza ugomvi wa shuleni, mdomo wake sikioni kwangu. Baadaye nikapigiwa simu kwamba Sabina amefariki. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia kwa hasira. Kama panya wangekufa mapema, Sabina angekuwa hai. Kama Josefa angekufa mapema, yule bwana angekuwa Lusaka akipeana mikono na watu. Ningewaacha panya darini, nani angemuuliza mwosha vyombo mwingine kama yuko tayari kufa ili abiria wawe salama? Na ningewaua, nani angewaambia abiria kwamba wanapanda ndege wakiwa vipofu?

*

Bi. Mwanakombo Sheha, mkaguzi mkuu, alikuwa mwanamke mfupi wa Pemba aliyezungumza polepole na kusikiliza mpaka mwisho. Alikuja siku chache baadaye na wasaidizi wawili. Ombeni aliwapokea launji, meza zimetandikwa vitambaa vipya.

"Haya, mwanangu," Bi. Mwanakombo aliniambia. "Wana madhara au hawana?"

"Wana madhara," nilisema. "Wanabeba mgunda. Wamemuua Sabina, aliyekuwa akiosha vyombo nyuma ya ukuta huu. Jiko lifungwe leo hii."

Ombeni alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. Nikaendelea kabla hajanikata.

"Na panya haohao wamemkamata mgonjwa wa homa ya kijivu ambaye Lango lilimpitisha. Mkiwaua wote leo, hamtakuwa na chochote cha kuwaambia ni nani mwingine limempitisha."

"Kipimo kilikuwa kimepitwa na muda," Ombeni alisema. "Mheshimiwa, dokta amechoka. Amefiwa na mfanyakazi."

Bi. Mwanakombo alinitazama, akamtazama yeye. "Panya anayejua kazi yupo?"

"Yupo mmoja," nilisema. "Yuko kwenye kizimba."

"Nionyeshe."

Fidelis alimleta Nyemo akiwa na kamba ya kifuani, ileile ya zamani, ngozi yake imekauka. Alikuwa amevaa glavu, nami nikawaambia wote wasimguse. Kanuni ya kitengo ilikuwa kwamba kila aliyemo chumbani anasimama mstarini, isipokuwa anayeshika kamba, ili panya asisome uso wa mtu yeyote. Basi tukasimama: Bi. Mwanakombo, wasaidizi wake, Ombeni, wahudumu wawili wa launji, na mimi mwishoni. Wote tulikuwa tumepita Langoni asubuhi hiyo. Mkononi mwa kila mmoja palikuwa na mwanga wa kijani.

Nilichotarajia sijui. Labda Nyemo apite wote bila kusimama, nami nibaki kama mpumbavu. Labda amkamate mmoja wa wahudumu, nianze kumwonea huruma.

Nyemo alimnusa Bi. Mwanakombo, akapita. Akawanusa wasaidizi, akapita. Kwa Ombeni alikawia kidogo, na nilisikia pumzi ya Ombeni ikisimama, kisha akapita. Wahudumu, akapita. Akafika kwangu. Ndevu zake ziligusa kifundo cha mguu wangu. Akasimama.

Akaanza kukwangua.

Kisha Ombeni akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Mnaona? Amemkamata daktari mwenyewe! Mheshimiwa, ndiyo mambo haya." Mmoja wa wasaidizi naye akatabasamu. Hata Bi. Mwanakombo alilegeza mabega.

Mimi nilikuwa nikikiona kidole changu ndani ya mdomo wa yule bwana wa Lusaka. Nikamwona Tupoki, mdomo wake sikioni kwangu.

Nikamtazama Fidelis. Mkono wake wenye ndizi ulikuwa nyuma ya mgongo, amefumba ngumi.

"Amekosea," alisema haraka. "Dokta, amekosea. Ni mzee huyu, na kukaa kizimbani kumemchanganya. Nilisema tangu mwanzo." Alisema uongo vibaya, machozi yakiwa tayari yamemjaa. "Mheshimiwa, amekosea."

Nyemo alimgeukia, akaingoja haki yake. Haikuja. Akakwangua tena, mara hii kwa nguvu zaidi.

Ilikuwa rahisi sana. Ningenyamaza tu. Ningecheka pamoja na Ombeni. Panya angekuwa mzee aliyechanganyikiwa, mimi ningekwenda nyumbani na bangili yangu ya kijani, nimpikie mtoto wali, nimlaze. Ndege ya jioni ingeondoka. Na Tupoki, kama alikuwa na homa ya kijivu, asingejua yeyote mpaka fizi zake zigeuke rangi.

"Mlipe," nilisema.

Fidelis akatikisa kichwa.

"Fidelis, kaka yangu. Panya akipatia, analipwa. Wewe ndiye uliyetufundisha sote."

"Dokta, watakupeleka Kambini."

"Najua wanakonipeleka. Mlipe. Halafu ukitoka hapa uende naye nyumbani kwangu, akamnuse mwanangu. Umenisikia? Vaa glavu, mwoshe miguu kwanza, asimkaribie usoni."

Bi. Mwanakombo alikuwa ameacha kutabasamu. Alimtazama Fidelis mkono, kisha akanitazama mimi. "Lango lifungwe," aliwaambia wasaidizi wake kwa sauti ya chini. "Na ndege ya jioni isiondoke." Ombeni alianza kusema kitu, na hakuna aliyemsikiliza.

Fidelis alipiga magoti. Alifumbua ngumi. Ndizi ilikuwa imepondeka kwa jinsi alivyoikaza, akaichota kwa kidole na kumpa kipande. "Ahsante, Nyemo," alisema, kama ilivyokuwa desturi yao. "Ahsante, mwanangu."

Watu walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, mmoja mmoja, mpaka kwenye meza zenye vitambaa vipya. Nyemo aliisukumia ndizi shavuni, aitunze kwa baadaye, kisha akakaa kitako juu ya kiatu changu.